Linakata, linachemsha, linayumba: maradhi ya gari la kasi lililoundwa gerejini

Gari letu lilizaliwa Changamwe, Mombasa, nyuma ya gereji ambayo riziki yake ni klachi za matatu na breki za Probox. Chasi ni mabomba tuliyochomelea wenyewe. Injini, giaboksi na difu vilitoka kwenye Corolla DX ambayo sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiketi unaiona lami. Mwili wa nje ni faiba, kazi ya fundi wa mashua kutoka Likoni. Injini ni 4K, cc 1,290, kabureta mbili. Ni chombo kirefu, chembamba kama ngalawa, mtu mmoja ndani, na hakijui kona. Kazi yake ni kwenda mbele tu, kwa kasi kadiri kitakavyoweza.

Tumelijaribu kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha shamba moja upande wa Kilifi, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mara mbili Chalbi, lile ziwa kavu la chumvi la Marsabit, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Barabara ya umma haimo katika hesabu hiyo wala haitaingia. Wale wa kupimana magari usiku kwenye barabara ya Dongo Kundu wasije kuniuliza kitu.

Nimepanga mambo kwa dalili, kwa sababu ukiwa uwanjani chanzo hukioni, unaona dalili tu. Na niseme mapema: karibu kila tatizo tuliisingizia injini kwanza, na karibu kila mara haikuwa na hatia. Gari la kasi huugua kwa hewa, kwa joto na kwa maji ya chumvi. Injini ni pale tu mtu anaposikia kelele.

Kabla ya kushika spana

Fungua daftari uangalie kitu cha mwisho ulichobadilisha. Kama huna daftari, hilo ndilo tatizo la kwanza. Badilisha kitu kimoja kwa kila mbio. Ukibadilisha jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli), taimingi ya cheche na upepo wa tairi asubuhi moja, gari likipona hujui dawa ni ipi, likizidi kuugua hujui sumu ni ipi.

Kisha muulize dereva, na umuulize kabla hajavua helmeti. Kwa kasi ya kilomita ngapi? Gia gani? Mguu ulikuwa chini kabisa au ulishaachia? Kijana wetu wa kwanza kuliendesha alikuwa akiogopa kusema kwamba aliinua mguu. Mficha uchi hazai; tulipoteza safari nzima tukitafuta nguvu ambayo ilikuwa imebaki kwenye soli ya kiatu.

Na kama kizimba cha mabomba, mkanda wa pointi tano, kizima moto na swichi ya kukata umeme inayofikiwa kutoka nje havijakamilika, hakuna dalili ya kutafuta. Gari halitoki.

Linavuta vizuri, likifika juu linakata

Hili ndilo lililotuhangaisha zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Gia ya 4, kilomita kama 150 kwa saa, injini inaanza kukohoa, nguvu inayeyuka. Ukiachia mafuta kidogo inarudi. Gerejini, ikiwa imesimama, ukikanyaga mpaka sakafuni inalia safi kabisa.

Mtuhumiwa wa kwanza huwa pampu ya petroli. Usibishane naye, mpime. Chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa iliyo mbali na kitu chochote cha moto, washa pampu kwa dakika moja. Injini ya ukubwa huu, hata ikifunguliwa yote, hainywi nusu lita kwa dakika. Yetu ilitoa zaidi ya lita. Maana yake pampu ilikuwa nzima, na bado tuliibadilisha mara mbili, kwa sababu tulikuwa wajinga na duka lilikuwa karibu.

Cha pili, soma plagi. Lakini plagi isomwe ikiwa na habari za kule juu, si za kurudi polepole. Dereva akiwa kwenye kasi ileile ya kukata, akanyage klachi na kuzima injini kwa pamoja, aache gari litambae mpaka lisimame. Plagi zifunguliwe hapohapo, zipangwe kwenye kitambaa kwa namba za silinda. Kaure (ule udongo mweupe wa ncha ya plagi) ya rangi ya kahawia hafifu ni heri. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi. Ukiona na vitone vidogo vinavyometa vya alumini, acha kila kitu: injini inagonga na pistoni imeanza kuliwa.

Zetu zilikuwa nyeupe. Tukaongeza jeti. Matokeo: gari likawa linatoa moshi mweusi kwenye gia ya pili, na kule juu plagi bado nyeupe. Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Kama upungufu ungefuata mizunguko ya injini, ungetokea pia gia ya pili kwenye mizunguko ileile. Huu ulifuata kasi ya gari. Kitu kinachobadilika kwa kasi ya gari, na si kwa mizunguko, ni hewa inayopita nje.

Kabureta zetu zilikuwa zimefungwa kwenye boksi lenye mdomo unaotazama mbele, tukijisifu kwamba tunaikamata hewa bure. Tatizo ni kwamba bakuli la floti, pale petroli inaposubiri ndani ya kabureta, lilikuwa linapumua kwingine, ndani ya boneti. Petroli haivutwi kutoka bakulini kwa uchawi. Inasukumwa na tofauti ya presha kati ya bakuli na koo la kabureta. Ukipandisha presha kooni na bakuli ukaliacha chini, umeibana petroli isipande.

Tulithibitisha kwa mpira wa dripu ya hospitali. Tuliukunja kama herufi U, tukatia maji yenye rangi ya biriani ili yaonekane, ncha moja kwenye boksi la hewa, nyingine pale bakuli linapopumulia. Tukaufunga mbele ya dereva na simu ikirekodi. Gari limesimama, maji sawasawa. Kilomita 160, upande mmoja umeshuka na mwingine umepanda, tofauti sentimita 11. Kwa hesabu, hewa ya kasi hiyo ikigonga ukuta hutoa kama sentimita 12 za maji, kwa hiyo boksi letu lilikuwa linafanya kazi vizuri mno. Dawa ilikuwa kipande cha mpira kutoka ndani ya boksi hadi kwenye tundu la kupumulia la kila bakuli. Jeti zikarudi zile za zamani. Gari halikukata tena.

Linawaka alfajiri, baada ya mbio linakataa

Rekodi za dunia za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, huhesabiwa kwa wastani wa mbio mbili, kwenda na kurudi, ndani ya saa moja. Sisi hatufukuzii rekodi ya mtu, lakini tunajipima kwa mtindo huo kwa sababu upepo ukikusaidia kwenda utakudai kurudi. Kwa hiyo gari lisilowaka likiwa na joto halina faida.

Chukua kitambaa, kichovye kwenye maji baridi, kifunge kwenye pampu na kwenye bomba la petroli lililo karibu na ekzosi. Subiri dakika tano. Likiwaka, petroli ilikuwa inachemka bombani na kuwa mvuke. Hamisha bomba, weka ngao ya bati kati yake na ekzosi, na weka kipande cha bekelaiti (plastiki ngumu isiyopitisha joto) chini ya kabureta ili joto la manifoldi lisipande. Lisipowaka, nenda kwenye stata.

Stata ikigonga "tak" moja tu, watu hukimbilia betri. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6. Kama ipo hapo, weka mita ya umeme kati ya nguzo hasi ya betri na mwili wa injini, mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua waya wa bodi. Hapa Mombasa mara nyingi utakuta unga wa kijani chini ya nati iliyokuwa inang'aa juu. Gari likikaa miezi mitatu bila kutembea, hewa ya bahari imeshamaliza kazi. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi ikitangulia umefungia uchafu ndani.

Tumeondoa olteneta ili kuokoa nguvu, kwa hiyo betri inajitegemea. Ukifanya hivyo, ichaji baada ya kila mbio, si ukikumbuka.

Linachemsha

Kwa dakika mbili za mbio, redieta kubwa si lazima. Sisi tuliitoa tukaweka tangi la lita 30 nyuma ya kiti, na kabla ya mbio tunatia barafu, ileile ya wavuvi. Likichemsha pamoja na hayo, tafuta hewa iliyonaswa: sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji iwe na tundu la kutolea hewa. Kifuniko kishike presha. Gasketi ya silinda hedi ni ya mwisho kushukiwa, na ikiwa ndiyo, utaona mapovu kwenye tangi injini ikiwa baridi.

Anayebaki na redieta akumbuke kwamba hewa inayoingia lazima iwe na njia ya kutoka. Tundu kubwa mbele bila njia nyuma ni mfuko tu.

Linayumba

Hapa ndipo gari linapoua mtu, kwa hiyo usikubali jibu la "kaza usukani".

Tenganisha kwanza aina ya kuyumba. Kutetemeka kwa usukani kunakoanza kwenye kasi fulani na kuisha ukipita, hiyo ni balansi ya magurudumu, beringi iliyolegea au tai rodi iliyochoka. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, tikisa. Halafu kushoto na kulia, tikisa. Likicheza, usiendelee kusoma, fungua. Kuvutwa upande mmoja daima, pima alainmenti na upepo wa tairi. Lakini mkia ukianza kupepea taratibu, ukaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, na zaidi upepo wa ubavuni unapopiga, hilo ni jambo jingine.

Letu lilipepea hivyo kule Kilifi, kipindi cha kusi, kwenye kilomita 140. Tulibadilisha shokabu. Tukabadilisha kasta, ile pembe ya mlalo wa magurudumu ya mbele. Aliyeona tatizo ni yule mzee wa mashua, alipokuja kudai salio lake. Alilizunguka gari mara moja, akasimama ubavuni, mikono nyuma.

"Mwanangu, chombo chenu tanga liko omo."

Nikamwambia hakina tanga, mzee.

"Ubavu wote huu ni tanga. Upepo ukilipiga, omo litakimbilia demani, na tezi haina cha kulizuia."

Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, demani ni upande upepo unakoelekea. Ndivyo ilivyo. Kila gari lina pointi mbili: ile ambayo uzito wake wote umejikusanya, na ile ambayo upepo wa ubavuni unasukuma. Pointi ya upepo ikiwa nyuma ya pointi ya uzito, gari hujinyoosha lenyewe, kama mshale wenye manyoya nyuma. Ikiwa mbele, kila kosa dogo hukua mpaka gari linageuka.

Uzito tuliupima kwenye mzani wa wauza vyuma vikuukuu, magurudumu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, dereva akiwa ndani: mbele kilo 365, nyuma 415, jumla 780. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.2. Gawanya 415 kwa 780, zidisha kwa 3.2: uzito umekaa mita 1.70 nyuma ya ekseli ya mbele.

Pointi ya upepo tuliitafuta kwa katoni ya friji. Chora umbo la gari kutoka ubavuni, sentimita 1 kwa kila 10 za gari, magurudumu yakiwemo, ulikate. Litoboe karibu na ukingo, litundike kwenye msumari pamoja na uzi wenye nati mwishoni, chora mstari uzi unapopita. Litundike kwa tundu jingine, chora tena. Mistari inapokatana ndipo katikati ya ubavu. Yetu ilikatana mita 1.60 nyuma ya ekseli ya mbele. Sentimita 10 mbele ya uzito! Mzee aliiona kwa macho.

Katoni, tena, ni mpole kuliko upepo. Gari lililochongwa vizuri husukumwa mbele zaidi ya pale katoni inapoonyesha, kwa hiyo usiridhike pointi mbili zikikaribiana. Tuliyeyusha risasi kilo 60, tukaimimina kwenye maboksi ya chuma, tukayafunga kwa boliti juu ya ekseli ya mbele. Uzito ukasogea hadi mita 1.58. Kisha mzee akatujengea pezi refu la faiba nyuma, na katoni mpya ikatoa mita 1.95. Nafasi ya sentimita 37. Kwa salio lake tuliongeza na la pezi, na hakutoa punguzo.

Kule Chalbi upepo wa kusini-mashariki ni mkali, kwa hiyo hata gari lililotibiwa hukimbia alfajiri. Saa nne asubuhi tunafunga.

Mizunguko inapanda, kasi haipandi

Kama mita ya mizunguko inapanda na GPS imekwama, kuna mawili: klachi inateleza au tairi inateleza. Klachi utaisikia kwa harufu. Tairi huitambui ila kwa hesabu.

Tairi zetu zina mzunguko wa mita 1.80, nilioupima kwa kuliviringisha gari mara moja na kuweka alama za chaki chini. Difu ni 3.9 na gia ya 4 ni moja kwa moja, haibadilishi mizunguko. Mizunguko 6,500 gawanya kwa 3.9, zidisha kwa 1.80, zidisha kwa dakika 60: kilomita 180 kwa saa. GPS ilisema 164. Karibu asilimia 9 ilikuwa inasaga vumbi.

Kijana wetu alitaka kabureta kubwa zaidi. Hapana. Nguvu zaidi kwenye tairi inayoteleza ni vumbi zaidi. Na isitoshe, nguvu inayohitajika kuipasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: kutoka 160 hadi 200 unahitaji karibu maradufu. Bei rahisi ni kuziba mianya ya bodi, kufunika magurudumu, kushusha pua. Uzito nyuma husaidia kushika, lakini umeona hapo juu uzito nyuma unafanya nini. Tulichagua kunyooka kwanza.

Mara nyingine kosa ni la ardhi. Chalbi ikinyewa na mvua, juu panakauka na chini pamebaki tope. Ukikanyaga kwa kisigino na kikaacha shimo lenye unyevu, rudi kambini. Wala si sisi tu: Bonneville kule Utah, ambako mchezo huu una mizizi, wiki yao kuu ya mbio ilifutwa kabisa 2014 na 2015 kwa sababu ya hali ya chumvi.

Mlio mpya kwenye chasi

Nyufa huanza ubavuni mwa weldi, si katikati yake. Futa eneo kwa mafuta ya taa, liache lilowe, likaushe vizuri kwa kitambaa, kisha paka chaki. Baada ya muda mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatachora mstari mwembamba mweusi juu ya chaki. Ukiupata, usichomelee juu. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, usage mfereji, ndipo uchomelee. Fimbo za kuchomelea za 7018 zilizokaa wazi kwenye unyevu wetu hazifai kwa kazi hiyo. Huleta ufa mpya kando ya ule wa zamani. Zikae kwenye oveni yake.

Tairi na parachuti

Soma herufi ya kasi kwenye tairi: S ni kilomita 180, T 190, H 210, V 240. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za mitumba zinang'aa kwa sababu zimepakwa dawa, si kwa sababu ni changa.

Parachuti, ile ya kulipunguza gari kasi, ndicho kitu pekee ambacho hatukushona wenyewe, ingawa mafundi wa maturubai hapa ni hodari. Kama ikifunguka inainua mkia au kuukandamiza, kamba yake imefungwa chini mno au juu mno: ivute kwenye kimo cha uzito wa gari.

Baada ya chumvi

Gari lioshwe siku hiyohiyo, chini kuliko juu. Na lioshwe kwa maji matamu. Tuliporudi mara ya kwanza tuliliosha gerejini kwa maji ya kisima, tukaona tumemaliza. Visima vingi vya huku vina chumvi. Tulikuwa tunalisuuza chumvi kwa chumvi. Onja maji kwa ulimi kabla ya kuyapiga. Mara ya pili tulinunua mitungi ya mkokoteni, ishirini, ikauma mfukoni.

Wiki mbili baadaye fungua beringi za mbele hata kama hazilii. Zetu zilikuwa na grisi ya rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji yaliyoingia. Toa yote, osha kwa mafuta ya taa, kagua njia za mipira ya chuma kwa ukucha, na ukihisi kijishimo kimoja tu, badilisha beringi pamoja na sili yake. Sili ile ndiyo iliyoyaingiza.